Ruksa, Mashudu na Kifua Changu

Ukitoka mjini kuja kwangu Mwankoko, kuna jiwe kubwa kando ya njia, limelala kimgongo-mgongo kama ng'ombe aliyeshiba. Mkinikuta nimekaa pale, vijana wangu, nipeni shikamoo yangu kisha mwendelee na safari. Sijalewa wala sijapotea. Navuta pumzi, kazi ambayo ninyi mnaifanya siku nzima bila kujua kwamba ni kazi.

Nawaandikia ninyi mnaoshika mashine za kukamua alizeti hivi sasa, kwa sababu mnapita kwangu kuniuliza habari za mashine na mnaondoka kabla sijafika kwenye habari za mbwa. Kwangu hivyo viwili havitengani. Asiyetaka habari za mbwa aache kusoma hapa, akanunue mafuta dukani kama wenzake.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu, Mama Neema, husema nilizaliwa nimekaa. Wenzangu walipomaliza kidato cha nne walikwenda Arusha na Dar es Salaam, mimi nikaenda ghala la chama cha ushirika, kwa kuwa lilikuwa karibu na chakula cha mama yangu. Pale tulipokea alizeti za wakulima, tukazipanga, zikaondoka kwenda kukamuliwa mbali, nasi tukapanga foleni kusubiri mafuta. Mmelima wenyewe, mmepeleka wenyewe, na mafuta mnayapangia foleni. Msiniulize ilikuwaje, nami sikuelewa.

Kisha biashara ikafunguliwa. Mwenye hela akanunua alizeti, mwenye hela zaidi akanunua mashine. Mzee Salum, mfanyabiashara wa mjini ambaye baba yake alikuja Singida na duka la kanga, akaleta mashine yake, akaiweka kwenye banda nyuma ya nyumba. Akanifuata ghalani.

"Baba Neema, wewe unazijua alizeti."

"Nazijua zikiwa kwenye gunia, mzee. Mashine siijui."

"Hata mimi siijui. Njoo tusijue pamoja."

Ndivyo nilivyokuwa fundi.

Basi sikilizeni kazi. Alizeti zikiwa na unyevu, mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka, hutoka laini kama ugali wa mtu aliyekosa kuni, na mafuta yake hutoa povu. Zikikauka kupita kiasi, mashudu hutoka unga. Zikiwa sawa, hutoka vipande bapa, ukivunja kimoja kinalia kama biskuti. Zianike juani asubuhi kabla ya kukamua, zipate joto. Shika kiganja kimoja, kibane. Zikikung'ang'ania, bado. Na msikilize mashine. Mashine iliyo sawa huguna mfululizo kama bibi anayesaga mtama. Ikianza kupiga kelele nyembamba, usikimbilie mafuta ya injini, angalia kwanza kama kuna kijiwe kimepita kwenye punje. Mimi nilikimbilia mafuta ya injini. Mzee Salum alinunua kifaa kipya na kwa muda mrefu alinitambulisha kwa wageni kama "fundi anayesagisha mawe."

Kitu kimoja hatukujifunza, nacho ni vumbi. Unapomimina gunia kwenye mdomo wa mashine, ule unga wa makapi unapaa. Banda lilikuwa na mlango mmoja, na upepo wetu wa Singida mnaujua, mwezi wa saba hauingii kukusaidia, unaingia kuchanganya. Jioni tulitoka na nyusi za kijivu, tukachekana kwamba tumezeeka pamoja. Kitambaa cha kufunga puani kilikuwepo. Tulifutia mikono.

Mnajua kwa nini hatukujifunga? Kwa sababu tulikuwa na maziwa. Kila mfanyakazi wa vumbi alijua kwamba maziwa huosha kifua. Mzee Salum, Mungu ampe mema, hakuwa bahili: kila siku saa ya mapumziko kilikuja kibuyu cha maziwa mgando, kila mtu kikombe chake. Tulikunywa tukajipiga vifuani, tukarudi kuvuta vumbi lingine kwa imani mpya. Na mimi ndiye niliyesoma. Kidato cha pili nilichora mwili wa binadamu kwa rangi mbili, njia ya chakula nyekundu, njia ya hewa buluu, mwalimu akanipongeza mbele ya darasa. Njia zile hazikukutana mahali popote kwenye mchoro wangu. Kisha nikawa mtu mzima, nikanywa maziwa ili yashuke kwenye buluu.

Huyo mbwa alikuja kwa ajili ya maziwa hayo hayo. Alitokea siku moja mlangoni mwa banda, jike, rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na lingine limekataa. Hakubweka, hakutikisa mkia. Alikaa akanitazama nikinywa, kama mtu anayesubiri zamu yake. Nikamwachia nusu. Jioni akanifuata nyumbani, akapita mlangoni kabla yangu na kulala kwenye mkeka wa Mama Neema.

"Huyu amepewa ruhusa na nani?" mke wangu akauliza.

"Siku hizi kila kitu ruksa," nikasema.

Jina likabaki Ruksa.

Sijawahi kuona mbwa mvivu kama yule. Mwizi wa kuku alipita uani, Ruksa akafungua jicho moja, akalifunga. Radi aliiogopa, hilo sawa, lakini aliogopa pia beseni likiwa limefunikwa. Na alipokuwa njiani alikuwa na tabia yake: akifika kwenye jiwe lile ninalowaambia, hujitupa chini, miguu juu, na hanyanyuki mpaka umpe kipande cha mashudu. Umvute, umbembeleze, uondoke umwache, hanyanyuki. Nikawa natembea na mashudu mfukoni. Suruali zangu zote zilikuwa na doa la mafuta upande wa kulia, na Mama Neema alinambia mwanamke mwingine angeshuku jambo.

Sasa hapa ndipo penye elimu. Mashudu yaliyokamuliwa vizuri Ruksa aliyanusa, akageuza uso. Yaliyobakiwa na mafuta aliyala mpaka akalamba sakafu. Mzee Salum hakutaka mbwa akanyage penye mafuta, na alikuwa na haki, hapo ni mahali pa chakula na yeye ni mtu wa dini. Kwa hiyo Ruksa alikaa nje ya mlango, nami namtupia kipande. Siku moja mzee akasimama mbali, mikono nyuma.

"Mbona leo anakula sana?"

"Ana njaa, mzee."

"Jana alikataa. Njaa ya mbwa haina siku ya kupumzika." Akafikiri kidogo. "Kaza mashine."

Nikakaza. Mafuta yakaongezeka, Ruksa akasusa. Toka siku ile, mzee hakuuliza tena hali ya mashine. Alipita asubuhi, macho kwenye anga ili isionekane anamtazama mbwa, akauliza, "Amekula?"

"Amekataa, mzee."

"Alhamdulillahi."

Kikohozi kilianza kama mgeni wa siku moja. Asubuhi tu, kisha kikaondoka. Msimu uliofuata kikalala kwangu, hakiondoki. Nikaanza kusikia filimbi kifuani nikipanda kile kilima cha kwetu, ambacho, tuseme ukweli, hata mbuzi hakiiti kilima. Hapo ndipo Ruksa aliponifaa bila kujua. Nikifika kwenye jiwe pumzi imekwisha, yeye amekwisha kujitupa. Nami nakaa kando yake, nakunja uso kama mtu aliyechoshwa na mnyama wake.

Jirani yangu Ntandu, muuza vitunguu, alipita hapo kila jioni akisukuma baiskeli.

"Baba Neema, mbwa huyo si umuuze?"

"Nani atamnunua? Ona alivyo. Nimemvuta mpaka mikono inaniuma."

"Mbwa analalia njia na mwenye mbwa anamsubiri. Nimeishi nimeona."

"Na wewe baiskeli inakusubiri nini? Mbona huipandi?"

"Cheni imelegea," akasema, akaendelea kuisukuma.

Ntandu akaeneza Mwankoko nzima kwamba nina mbwa mvivu kuliko wote. Sikukanusha. Afadhali mbwa mvivu kuliko fundi mgonjwa. Fundi asiye na pumzi ni fundi wa nani? Mashine zilikuwa zinaongezeka mjini, na vijana wenye vifua walikuwa wengi. Nilijua siku Mzee Salum akijua, nitarudi nyumbani kukaa, na kukaa nyumbani kwa hiari na kukaa nyumbani kwa kukataliwa si kukaa kumoja, hata kwa mtu aliyezaliwa amekaa.

Lakini nyumbani huwezi kuficha kikohozi. Mama Neema akafungua kesi.

"Ni manyoya," akasema. "Mbwa analala ndani, manyoya yanaingia kifuani. Kabla hajaja ulikuwa unakohoa?"

"Sikumbuki."

"Hukuwa unakohoa. Aende."

Ningeweza kusema ni banda. Ndani ya moyo nilishalishuku banda. Lakini banda lilikuwa linatulisha, na mbwa alikuwa analishwa, basi kati ya washtakiwa wawili nikamwona mbwa ndiye anayefungika kwa urahisi. Tukampeleka Ikungi kwa shemeji yangu Hango, mfugaji, akachunge mbuzi. Nilimweka Ruksa kwenye lori la mnada, akalala miguu juu hata kabla lori halijaondoka.

Msimu ule mavuno yalikuwa mazuri na mashine haikupoa. Manyoya hayakuwepo nyumbani, hata moja, Mama Neema alifagia mpaka chini ya kitanda. Nami nikakohoa kuliko wakati wowote. Njiani, nikifika kwenye jiwe, sikuwa na kisingizio, basi sikukaa. Mwanaume anakaaje njiani bila sababu? Nilipita nimekaza shingo, namwitikia Ntandu kwa kichwa kwa kuwa sauti haikuwepo, akadhani ninaringa.

Ikafika siku nikainua ndoo ya alizeti kuimimina, nikaona banda limekuwa dogo. Hewa ilikuwepo, naiona kabisa imejaa vumbi, lakini haiingii. Nilikaa juu ya pipa la mafuta, kisha chini ya pipa. Wenzangu wakanibeba mpaka nje. Mzee Salum alikuja mbio akiwa na kiatu kimoja, na jambo la kwanza alilofanya, naapa, aliniletea maziwa.

Hospitalini walinilaza. Na hapa ndipo nilipojua watu. Kifua miaka ile kilikuwa na majina mawili tu, na yote mawili yalinong'onwa. Waliokuja kunitazama walisimama karibu na mlango. Nyumbani kikombe changu kilitengwa na wageni wenyewe, bila kuambiwa. Makohozi yakapimwa, yakapimwa tena, hakuna kifua kikuu. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, akavuta kiti.

"Baba, kazi yako nini?"

Nikamwambia. Akauliza kama tunajifunga puani. Nikamwambia kuhusu maziwa. Hakucheka, nami nikamshukuru.

"Maziwa ni chakula kizuri, endelea kunywa. Lakini yanakwenda tumboni."

"Najua, daktari. Nilishalichora."

Hapo akacheka.

Akanieleza kwamba njia za hewa zimechakaa kwa vumbi, kwamba hazitarudi kuwa mpya, na kwamba nitaishi nazo kama mtu anavyoishi na mguu mbovu: kwa kujua uwezo wake. Akanipa dawa. Akanifundisha kupumua kama ninayepuliza chai ya moto, taratibu, midomo imebanwa, ili hewa ya zamani itoke na mpya ipate nafasi. Mpaka leo napuliza chai isiyokuwepo. Akasema moshi wa jikoni niuepuke, vumbi niachane nalo kabisa. Na nitembee kila siku, ila nipumzike ninapochoka.

"Na mbwa?" nikauliza.

"Mbwa gani?"

"Yupo Ikungi. Tulimwondoa kwa sababu ya manyoya."

"Alipoondoka ulipata nafuu?"

"Nilizidiwa."

"Wako wanaodhurika na manyoya, lakini wewe sikuoni kuwa mmoja wao," akasema, akiandika. "Asilale chumbani, basi. Na umwombe radhi."

Hatukuhitaji kumfuata. Hango alimleta mwenyewe, amemshika kwa kamba kama mshtakiwa aliyeshinda rufaa.

"Shemeji, chukua mbwa wako. Mbuzi wanamchunga yeye. Jioni wakirudi nyumbani, na yeye wanamrudisha."

Mama Neema alimtazama Ruksa, Ruksa akamtazama, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mkeka. Mke wangu akauchukua mkeka, akautandika nje chini ya dirisha la chumba chetu, akamimina maziwa kwenye bakuli. Akamimina na kwenye kikombe changu, akanywa kwanza yeye, mbele ya majirani waliokuja kushangaa mbwa, ndipo akanipa. Siku ile kikombe changu kiliacha kuwa changu peke yangu.

Lililobaki lilikuwa Mzee Salum. Nilikwenda kuaga kazi. Nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima, lakini pumzi ilinitosha neno moja moja, na hotuba ya neno moja moja haina heshima. Nikamwambia tu: siwezi banda.

Akamtazama Ruksa aliyelala mlangoni.

"Kijana wa kumimina nitapata," akasema. "Nani atanisikilizia mashine?"

"Hata vijana wana masikio, mzee."

"Wana masikio ya redio. Sikiliza, Baba Neema. Punje zinapokelewa nje, kwenye mizani. Kaa pale. Shika, bana, kataa zenye unyevu. Mashine utaisikia kupitia ukuta. Masikio hayakohoi."

"Na mbwa?"

"Mbwa mbona alishakuwa mfanyakazi kabla hujaugua?" Akaingia ndani, akatoka na jora la kitambaa cha duka la baba yake. Akakata vipande vya kufunga puani, akampa kila aliye bandani. Maziwa hayakukatwa. Alisema wengine tumboni pia wana vumbi.

Nikakaa penye mizani ile mpaka nilipostaafu. Nikisikia kelele nyembamba ukutani, napaza sauti, kadiri ya sauti niliyonayo, "Jiwe!" nao wanasimamisha. Ndivyo nilivyomaliza kazi yangu, fundi wa kukaa. Mama Neema alisema hatimaye nimepata kazi ya kipaji changu.

Ila kuna jambo sikuliacha. Njiani bado nilimsingizia mbwa. Daktari amesema pumzika, mke ameshajua, tajiri ameshajua, lakini kwenye jiwe, mbele ya Ntandu, bado nilikunja uso nikasema, "Huyu mbwa ataniua kwa uvivu." Ruksa alibeba jina hilo baya miaka yote, akitafuna mashudu.

Akazeeka. Sikio lililosimama nalo likakata tamaa. Siku za mwisho alikuwa anafika kwenye jiwe amechoka kweli, hajitupi tena, anajilaza taratibu, na mashudu nayaloweka maji kwanza. Alikufa mchana, kwenye mkeka wake, baada ya maziwa. Mama Neema ndiye aliyelia, akasema ni moshi.

Kesho yake nilitembea, kwa kuwa daktari alisema kila siku. Mfukoni nilikuwa na mashudu, mkono uliyaweka wenyewe. Nilipofika kwenye jiwe kifua kilikuwa kinapiga filimbi zote. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma, na huyo Ntandu anakuja, mvi kichwani, anasukuma baiskeli. Nikafikiri kukaza shingo nipite. Nikakaa.

"Baba Neema. Nasikia mbwa amekufa."

"Amekufa."

"Pole. Sasa mbona umekaa?"

Nikapuliza chai yangu ya kubuni, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikuwa na wa kumsingizia.

"Nimechoka, Ntandu. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nachoka."

Alilaza baiskeli kwenye majani, akaja akakaa upande ule aliokuwa akilala Ruksa, akaukunja mguu mmoja kwa mikono miwili kama anayekunja kiti.

"Goti," akasema. "Tangu ujana. Baiskeli hii haijawahi kulegea cheni hata siku moja."

Tukakaa. Baadaye nikatoa kipande cha mashudu mfukoni, tukakivunja katikati. Kililia kama biskuti. Ntandu alitafuna kidogo, akatema, akasema sasa anaelewa kwa nini yale mazuri mbwa aliyakataa.